Martina Aliyetembelea Tairi Moja

Mpaka sasa akili imekataa. Martina ametutoka jana asubuhi, na tangu mwanaye anipigie nimekaa tu na simu mkononi.

Wengi wenu mnaonifuata hapa mlimjua kama yule mama wa fimbo anayekaa benchi la nyuma kanisani, hapa Karatu. Mimi nilimjua akiwa msichana, akiendesha pikipiki kwa tairi moja.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa wasichana wawili kwenye mradi wa kuchanja ng'ombe. Field yetu ilianzia Karatu ikaenda mpaka Endulen na Kakesio. Watu walituita "bwana mifugo" wote wawili, wala hatukubisha.

Mradi ukatupa pikipiki mbili za porini, ndefu hizo! Miguu yangu haikufika chini. Martina alicheka mpaka akakaa kwenye majani.

Shida ilikuwa makorongo. Mvua ikishanyesha, njia ya Kakesio inakatika vipandevipande. Tairi la mbele linazama, wewe unarushwa, na boksi la chanjo linakufuata.

Siku moja akasema, "Paulina, tairi la mbele lisipogusa korongo, halizami. Tujifunze kuliinua." Nikamwambia amechanganyikiwa.

Jumapili baada ya ibada tukaenda kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Martina gauni kalikunja kiunoni, ndani kavaa suruali ya khaki.

Alianguka, jamani! Nilihesabu mpaka mara kumi na moja nikaacha. Anainuka ana mabua kichwani, anasema, "Bado kidogo."

Ilimchukua karibu miezi miwili, maana mafuta yenyewe yalikuwa ya kugombania. Gia ya kwanza, kalia nyuma, achia klachi, ongeza mafuta, vuta usukani. Tairi likapaa. Akaenda hivyo kama hatua thelathini, kisha likashuka taratibu.

"Umeona?" alipiga kelele. "Siri ni breki ya nyuma! Ukizidi kulala nyuma, ile ndiyo inakurudisha. Mguu usitoke pale!"

Akanifundisha na mimi. Niliweza hatua tano, sita, roho mkononi.

Alipovuka korongo la Kakesio kwa tairi moja mara ya kwanza, mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake alisimama akashangaa. "Huyu amefundisha punda kusimama kama mtu!" Martina aliicheka hiyo wiki nzima.

Sasa niandike jambo lililonifanya nije kwenye ukurasa huu leo.

Breki ya nyuma ya pikipiki yangu ilikuwa mbovu. Nati ilidondoka, spea hakuna, nikafunga kwa waya. Nilitakiwa kuandika kwenye logbook, sikuandika. Ningeandika, pikipiki ingewekwa stoo na mimi ningebaki ofisini kupanga mafaili.

Siku moja tukiwa Kakesio, pikipiki ya Martina ikapata pancha. Ng'ambo ya korongo watu walikuwa wameshakusanya ng'ombe na chanjo inaanza kupata joto. Akaniambia, "Nipe yako nivuke haraka. Wewe baki uzibe hiyo."

Nikampa. Nilifungua mdomo nimwambie habari ya waya, nikaona aibu. Nikajiambia, ni korongo moja tu.

Aliliinua tairi vizuri kabisa. Kisha nikamwona analala nyuma kupita kiasi, nikauona mguu wake ukikanyaga breki, ukikanyaga tena. Pikipiki ikampindukia.

Nyonga ilivunjika. Tulimbeba kwa machela ya fito na shuka mpaka gari lilipopatikana. Njia nzima ananiuliza, "Chanjo imepona?"

Kabla watu wa ofisi hawajafika kuichukua pikipiki, nilitoa ule waya nikautupa korongoni. Mikono hii hii ninayoandikia.

Supervisor akanikalisha chini. "Alikuwa anacheza na pikipiki?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

Kwenye ripoti ikaandikwa uzembe wa dereva. Martina akaachishwa kazi. Hakupanda tena pikipiki, wala hakutembea tena bila fimbo. Mimi nilipandishwa cheo mara mbili.

Miaka arobaini na zaidi tumekunywa chai pamoja. Nilisimamia ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Ningeweza kusema siku yoyote ile.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikiwa nimeamua. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikamshika mkono. Kabla sijaanza, akaanza yeye.

"Paulina, siku ile ya Kakesio. Nimeifikiria miaka yote. Nadhani mguu wangu ulichelewa kwenye breki. Nilikuwa najivuna, ndiyo maana."

Alikuwa ananitazama. Nafasi ndiyo hiyo, nimeletewa mkononi.

Nikasema, "Pumzika, dada."

Basi. Hayo ndiyo niliyompa. Amekufa akiamini kosa lilikuwa lake.

Wanawe, najua mtasoma hapa. Mama yenu hakuchelewa. Mguu ulifika, breki ndiyo haikuwepo, na mimi nilijua. Msiponitaka kwenye mazishi nitakaa nyumbani, sitauliza kwa nini.

Wengine, tafadhali msiniandikie pole. Msiniambie amenisamehe huko aliko. Asiyeambiwa anasamehe nini? Leo nimemwambia kila mtu, isipokuwa yeye.

Martina, ulikuwa dereva mzuri kuliko sisi wote. Lala sasa, dada yangu. Nyonga isikuume tena.