Mwitikiaji wa Chengo

Chengo Sanga huuza ng'ombe kwa mdomo. Wachuuzi wenzake kwenye mnada wa Kinango hufunua meno ya mnyama na kupapasa mbavu zake. Yeye husimama kando ya fahali aliyekondeshwa na ukame, akaanza kusimulia habari zake: alizaliwa boma la nani, mamake alikuwa na maziwa ya namna gani, na mwaka ule visima vilipokauka alivyotembea hadi Taru akarudi mkia bado unapiga nzi. Ng'ambo ya fahali husimama Mbwana, mshirika wake wa tangu ujana, akiitikia. "Eeh." "Kumbe!" "Halafu?" Hizo "halafu" zikiwa nyingi, mnunuzi hujikuta mkono u mfukoni.

Nimeanzia mnadani kwa makusudi. Ukiwauliza watu wetu mwinjilisti ni nani, watakutajia mtu mwenye suti na spika kubwa. Mimi namtaja mchuuzi huyu wa kikoi na bakora, na ningemtaja hata mbele ya askofu.

Chengo ni Mduruma na Mkatoliki wa kigango kimoja cha vumbi nje kidogo ya Kinango. Mamake, Nyamvula, amepoteza macho na miguu haimfikishi tena kanisani. Kila Jumapili, Chengo akirudi ibadani, huketi karibu na kitanda chake cha kamba na kumsimulia Injili ya siku ile kwa Chiduruma. Mama anakijua Kiswahili. Lakini aliwahi kuniambia, "Mwanangu, Kiswahili kinanifikia kama mgeni aliyesimama uani. Mpaka nimkaribishe, nimpe kiti, maneno yamekwisha kupita." Chiduruma hakihitaji kiti. Basi mwana husimulia, na mama huitikia, "Eeh."

Tabu huja mvua ikikosekana. Chengo hulazimika kushinda Taru, penye barabara kuu na wanunuzi wa mbali, na Jumapili nyingi humkuta huko. Nyumbani Jumapili hizo hupita kavu.

Ndipo ikaja Neno Mlangoni. Hii ni huduma ya Kikatoliki ya uinjilishaji inayofanya kazi katika nchi nyingi. Watu wake hurekodi masimulizi ya Injili katika lugha ambazo hazipewi nafasi redioni, wakayatia ndani ya vijiredio vinavyotumia jua, kisha vikapelekwa kwa wazee na wagonjwa. Nilijitolea kufanya kazi nao nilipomaliza chuo, na tangu hapo kuna maneno yanayonichoma: kwamba wafadhili wako ng'ambo, na sisi huku ni wapokeaji. Nani kasema? Chumba cha kurekodia kilitolewa na shangazi yangu, Jecinta Nthiwa, Mkamba aliyehamia shamba la makazi karibu na Msambweni, na ambaye mboga zake huliwa na watalii wasiomjua. Alikuwa na nyumba ndogo Ukunda. Akahamisha magunia yake, akatukabidhi funguo. Magodoro ya kuzibia kuta yaliletwa na Purity, mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Yalikuwa yamestaafu, yamebonyea, yananukia losheni ya jua, lakini yalikuwa magodoro. Kila alfajiri, kabla ya zamu zao, Purity na akina mama wenzake wa hotelini walisali rozari mlangoni kwetu. Watu wa namna hiyo wako Polandi, wako Brazili, wako Ukunda. Wote ni wafadhili. Basi.

Fundi wetu wa sauti alikuwa Dorota, Mpolandi aliyejifunzia Kiswahili Moshi. Alikuwa nasi hadi mwisho wa mwezi tu. Baada ya hapo mitambo yake ilikuwa inasubiriwa nchi nyingine. Sauti isipokubaliwa kabla hajaondoka, Chiduruma kingerudi mwisho wa foleni, na foleni ile ilikuwa ndefu kuliko umri uliobaki wa mama Nyamvula. Hilo tulilijua sote. Chengo alilijua zaidi.

Maandishi yaliandaliwa na kamati ya parokia, na msomaji akateuliwa Chengo bila ubishi. Tukamfungia ndani ya magodoro, peke yake, na mfano wa kondoo aliyepotea mkononi.

Lo! Alisoma kama karani anayeita majina ya waliofeli. Tukarudia. Tukampa maji, tukampa chai, tukarudia tena. Kila neno lilikuwa mahali pake, na kila neno lilikuwa maiti.

Huduma ina sharti moja ninaloliheshimu: hakuna sauti inayopitishwa kabla ya kusikilizwa nyumbani na wale inayokusudiwa. Tukaenda Kinango na sauti ile, Chengo akiwa pamoja nasi. Mama Nyamvula alisikiliza hadi mwisho, akageuza uso.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mayo," akasema Chengo, akimwita mama kwa lugha yao.

"Wewe? Mbona hukuniambia unaumwa?"

Tukarudi pwani. Tulipofika Ukunda Chengo alimrudishia shangazi makaratasi ya kusomea. "Mtafuteni mwalimu, Bi. Jecinta. Mimi kazi yangu ng'ombe."

"Mwalimu nitampata," akasema shangazi. "Na mamako je, atapata mwana mwingine?"

"Usinipige hapo, dada."

"Nakupiga papo hapo. Lala, kesho tutajaribu tena."

Kesho yake asubuhi Mbwana akafika. Kulikuwa na mnunuzi aliyetaka madume, naye Mbwana alimfuata mwenzake wakapatane bei. Akamkuta Chengo ameketi barazani juu ya gunia la makaa, amejiinamia.

"Sahibu, wamekufanya nini hawa? Umekuwa kama mbuzi aliyenyeshewa."

"Nimeshindwa na kondoo, Mbwana."

"Kondoo gani tena? Tumeingia biashara ya kondoo lini?"

Chengo akaanza kumweleza. Palikuwa na mtu na kondoo wake mia. "Eeh," akasema Mbwana. Mmoja akapotea. "Lahaula! Akapotelea wapi?" Mwenyewe akaacha wale tisini na tisa nyikani. "Ngoja, ngoja. Akawaacha na nani?"

Shangazi alikuwa jikoni akikuna nazi. Hajui Chiduruma, lakini mbuzi ya nazi ilinyamaza. Akanijia kwenye mitambo na mikono yake myeupe kwa nazi, akanivuta shati. "Kaloki, toka nje usikie."

Nilitoka, na Dorota akatoka nyuma yangu. Pale barazani Chengo alikuwa amesimama. Mgongo ulikuwa umenyooka, bakora ikionyesha vilima visivyokuwapo, na sauti ilikuwa ile ya mnadani, inayomfanya mtu amhurumie mnyama asiyemjua. Hakuna aliyekuwa amelifikiri jambo hili, hata Chengo mwenyewe. Kwa Waduruma, mtu hasimulii hewani. Msimulizi huwa na mwitikiaji, na asiyeitikiwa hunyamaza, kwa kuwa kutoitikiwa ni kuambiwa, tumekuchoka. Sisi tulimfungia mtu huyu katika chumba ambacho kazi yake ilikuwa kutoitika!

"Mbwana," akaita shangazi, "ingia ndani na mwenzako, umwitikie."

Mbwana akacheka, kisha akaona hatucheki. "Bi. Jecinta, mimi ni Mwislamu. Nikiingia humo, msikitini watasema nimebatizwa kwa waya."

"Hakuna anayekubatiza."

"Na sauti yangu isikike kwenye redio ya kanisa? Hapana. Tuheshimiane."

Alikuwa na haki, na hakuna aliyemlazimisha. Dorota ndiye aliyeupata ufumbuzi. Angemweka Mbwana jikoni na kipaza sauti chake, na sauti yake ingeingia katika spika za kuvaa masikioni mwa Chengo tu. Katika rekodi yenyewe asingekuwamo.

Mbwana akapima jambo hilo kama anavyopima dume. "Basi sawa. Lakini mjue, namwitikia Chengo. Simwitikii padre."

"Hata padre hatakudai," akasema Chengo, na kwa mara ya kwanza tangu Kinango akacheka.

Wakaanza, mmoja kati ya magodoro, mwingine kati ya masufuria. Mbwana hakuwa mwitikiaji wa heshima za bure. Mambo ya mifugo anayajua. Walipofika nyikani akauliza tena, kwa ukali: tisini na tisa waliachiwa nani? Jibu halikuwa katika maandishi. Chengo akasema, "Wale walikuwa pamoja. Yule alikuwa peke yake." Baadaye kamati ya parokia iliisikiliza sentensi hiyo na kuiacha ibaki.

Tuliposikiliza kazi yenyewe, Chengo wa mnadani alikuwa amerudi. Lakini kila baada ya maneno machache palikuwa na shimo la kimya, pale Mbwana alipoitikia kwa masikio ya mwenzake tu. Dorota akakunja uso.

"Ofisini watasema tuyakate mashimo haya. Mtu atadhani redio imekufa."

"Ukiyakata umemfungia tena ndani ya godoro," nikamjibu. Nilikuwa nimepandisha sauti, na shangazi akanitazama jicho la pembeni.

"Mimi siamui, wala wewe," akasema Dorota. "Tuipeleke kama ilivyo. Wakishangaa, nitakata. Muda tulio nao ni wa kwenda mara moja tu."

Tukaenda Kinango Jumapili iliyofuata. Chengo hakuwapo, mnunuzi wa madume alikuwa anamsubiri Taru. Majirani walijaa uani, wengine na viti vyao. "Shikamoo, mayo," nikasema, nikamwekea mama Nyamvula kijiredio mapajani. Dorota akasimama ukutani, ameshika msalaba wake mdogo wa shingoni.

Sauti ya Chengo ikatoka. Palikuwa na mtu na kondoo wake mia.

Kikafika kile kimya cha kwanza. Mbuzi mmoja alilia nyuma ya nyumba. Mtu akakohoa. Nilimwona Dorota akifumba macho.

"Eeh," akasema mama Nyamvula.

Redio ikaendelea, kana kwamba ilikuwa ikimngoja. Kimya cha pili kikajazwa na mama na jirani yake. Cha tatu kikajazwa na uwanja mzima, na mzee mmoja akapiga goti lake kwa kiganja. Mwenye kondoo akawaacha wale tisini na tisa nyikani, kimya kikafika, na mama Nyamvula akainama juu ya kijiredio akauliza kwa wasiwasi, "Na wale wengine je?"

"Wale walikuwa pamoja," akajibu mwanawe. "Yule alikuwa peke yake."

"Eeh," akasema mama, taratibu sana.

Dorota hakukata kitu. Nilitoka nje ya ua nikampigia Chengo simu. Nyuma yake nilisikia malori ya barabara kuu na Mbwana akibishana na mtu juu ya dume.

"Mayo amesemaje?" akauliza, kabla hata ya salamu.

"Amesema umepona."