Alijua Jina la Ng'ombe Wetu

Siku hiyo ningali naiona, mwanangu, na haya yake haijaniisha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, kwetu Nyansiongo. Mama yangu, Nyaboke, alikuwa ameenda Daraja Mbili kuuza ndizi. Baba, Ombati, alikuwa kwenye majani chai. Boma niliachiwa mimi, pamoja na ng'ombe wetu mmoja wa maziwa, Sikukuu, tuliyemwita hivyo kwa sababu alizaliwa Krismasi.

Akaja mwanamume mwenye koti jeupe, kama la daktari wa mifugo. Akaniita, "Kerubo!" Akauliza hali ya baba kwa jina, na ya mama kwa jina. Kisha akasema, "Na Sikukuu yuko wapi? Ugonjwa wa midomo na miguu umeingia. Ng'ombe asiyechanjwa kabla ya saa sita atauawa azikwe. Haraka, binti, nimpeleke kwenye chanjo."

"Ngoja mama arudi," nikamwambia.

"Atarudi akute mzoga. Wewe ndiye utamweleza?"

Nilimfungua Sikukuu kamba kwa mikono yangu hii, nikamkabidhi aende naye. Tena nikasema asante! Hebu fikiria, nilimshukuru.

Nilidhani mtu anayejua majina yetu ni mtu wetu. Mimi majina ndiyo fahari yangu. Shule niliacha darasa la tatu, lakini wote niliosoma nao naweza kukutajia mpaka leo, na mama zao. Kumbe huyo majina yetu aliyaokota njiani tu. La ng'ombe nililiita kwa sauti mwenyewe kila asubuhi mtoni.

Saa saba nikamsimulia jirani yetu Mokeira, akaniuliza, "Daktari gani? Leo hakuna daktari aliyepita." Nikajua. Nikaenda kujificha kwenye mahindi mpaka jioni.

Mama alilia. Bibi yangu Bosibori hakulia. Alinikalisha chini akasema, "Alijua jina lako. Alijua la ng'ombe. Na yeye anaitwa nani?"

"Sijui," nikasema.

"Umempa mtu ng'ombe na hukumwuliza hata jina! Daktari wa kweli angekaa hapo kwenye jiwe akamngoja mama yako."

Sikukuu hakurudi. Mdogo wangu Onchari alikunywa uji bila maziwa mwaka mzima, akiniangalia juu ya kikombe.

Sasa sikia la mwaka huu. Mjukuu wangu Kemunto yuko chuo kikuu. Karibu na mitihani mitambo ya chuo ikaharibika. Ile potali wanayojisajilia mtihani ikakaa siku tatu haifunguki. Akaja kwangu hapa Nyacheki, nilikoolewa, akawa anachuma chai nami huku jicho liko kwenye simu. Asubuhi ya siku ya nne ujumbe ukaingia. Akanisomea: jina lake lote, namba yake ya chuo, kwamba wezi wa mitandao wamevamia, aandike paswadi yake kabla ya saa sita, la sivyo atafungiwa na hatafanya mtihani.

Mwanangu, koti jeupe nililiona palepale.

"Nani ameandika?" nikauliza.

"Ni chuo, Magokoro," akasema. Ndivyo tunavyoita bibi huku kwetu. "Si unaona wanajua hadi namba yangu?"

"Chuo hakina vidole. Nani?"

"Aah, Magokoro, haya ni mambo ya kompyuta. Huyaelewi."

"Kompyuta siielewi. Mwizi namwelewa."

Nikamwambia atafute barua yake ya kuingia chuo, apige namba iliyo humo. Akapiga, hakuna aliyeshika. Mara nne. Saa sita ikakaribia, akanigeukia. "Ukikosea, mimi ndiye nitarudia mwaka!"

"Nikikosea, unitaje kwa jina mbele ya ukoo wote. Huandiki kitu. Wakifunga, wafunge!"

Saa sita ikaja, ikapita. Hakuna aliyefunga chochote. Saa saba simu ikashikwa, na wa upande ule akaanza kwa kujitaja: "Kwamboka, ofisi ya kompyuta." Akasema wao hawamwombi mtu paswadi, ujumbe huo ni wa matapeli, na siku za kujisajili zimeongezwa. Kemunto alijisajili, mtihani akaufanya.

Kwa hiyo nakuambia na wewe, unayekaribia mtihani wako. Anayekutisha na saa, mngojeshe. Akijua jina lako, bado hujamjua yeye. Muulize lake, na usiishie hapo, maana la uongo pia hutajwa. Piga ile namba uliyokuwa nayo kabla hajaja, si anayokuletea. Paswadi usimpe mtu, hata mimi nikikuomba. Na kama umeshadanganywa, sema saa ileile. Mimi nilijificha kwenye mahindi kwa aibu, na ni masaa hayo yaliyompa mwizi njia. Aibu yako ni kazi unayomfanyia yeye bure.

Watakuita mshamba kwa sababu ya kuuliza. Waache waite.

Mungu wa baba zetu akupe shingo ngumu mbele ya kila anayekuharakisha. Akulinde wewe pamoja na ulichokisomea. Uuingie mtihani wako bila hofu, utoke umefaulu, na asiwepo mtu wa kukufungia mlango uliofunguliwa na Yeye.