Mwenye Kunyamaza Atangulie

Siku moja ya wakati wa vita, mwanangu, naikumbuka bila kuitafuta. Risasi zililia upande wa kaskazini, watu wakarukia pikapu kukimbilia kwetu Buyenzi. Kaka yangu Saidi na jirani yetu Juma wakaanguka kutoka nyuma, mbele ya gereji ya mtaani, vichwa vikagonga lami.

Juma alichanika kichwani, damu ikalowesha shati, naye akapiga mayowe. (Juma, hata akijikwaa kidole, mtaa mzima hupata habari.) Saidi hakuwa na mkwaruzo. Alikaa kwenye benchi la gereji, akauliza mara mbili tuko wapi, akasema amechoka. Kwetu usingizi ni dawa ya hofu, basi nikamtandikia mkeka, nikamfunika kitenge. Wote wakamkimbilia Juma, wakampakia garini.

Ndipo akaja Mzee Ramadhani, mwenye gereji.

“Na huyu?”

“Analala tu, Mzee. Amechoka.”

Akapiga magoti, akamtikisa. “Saidi, mi ni nani?”

Saidi akafumbua jicho moja, akatamka maneno yasiyoeleweka, akalifumba.

“Apana kumuacha alale!” Mzee alinigeukia kwa ukali. “Mutu mwenye kulia, kichwa yake iko inafanya kazi. Mwenye kunyamaza hivi ndiye atangulie kwa daktari!”

Saidi naye akapakiwa, wakaenda hospitali wote wawili. Juma alishonwa, akarudi kabla ya magharibi akidai chai. Saidi alipasuliwa kichwa, damu ilikuwa imevilia ndani. Daktari alituambia kwamba kama tungengoja hadi jioni, tungemrudisha ndani ya sanda.

Alikaa hospitalini muda mrefu, akajifunza upya kushika kijiko. Mikono iliyokuwa ikifungua injini sasa inahangaika na vifungo vya shati. Mimi, dadake, ananiita Mama. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha, kisha nikijificha jikoni kulia. Siku hizi naitika.

Mwanangu, wazee walisema kimya kingi kina mshindo. Mtu akigonga kichwa, usipime ugonjwa kwa damu. Muulize jina lake, muulize yuko wapi. Akichanganya maneno au akizidiwa na usingizi, mkimbize. Na akirudi nyumbani si yule uliyemzoea, usimdai yule wa zamani. Mpende huyu aliyerudi.

Mungu akulindie akili yako na ya uwapendao, na siku ukipotelewa na majina yao, akuwekee karibu mtu wa kukuitikia.