Fyuzi Mfukoni, Shamba Majini

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kinu cha unga pale Eldoret na cheti cha masomo ya jioni, suruali iliyopigwa pasi mpaka ingekata mkate, na kichwa kikubwa kuliko mlango. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Foromani, Singasinga mwenye ndevu ambazo ndege wangetaga ndani, hakukitazama cheti. Alinipeleka kwenye meinswichi, akachomoa fyuzi zote na kuzitia katika mfuko wa shati langu.

"Mtu ingia kwa mashine, fyuzi ingia kwa mfuko," akasema. "Hapana patia mtu. Hata mimi. Hata Mungu kuja, ambia yeye ngoja."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, ninyi vijana mnaofunga swichi kwa kufuli za rangirangi. Fyuzi ni kile kipande cha kauri chenye waya mwembamba unaokatika stima ikizidi. Ukikiondoa, mota imekufa, na haifufuki mpaka mwenye mfuko apende.

Kazi yenyewe ilikuwa ukaguzi. Kila asubuhi nilizigusa mota kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima mtoto homa. Nilipima nyaya kwa mega, kisanduku unachozungusha mpini wake, nacho kinakuonyesha kama stima inavuja. Nilipangusa swichi, maana vumbi la unga hulipuka. Cheche moja ingeturusha sote hadi Chepkoilel, tukatue tukiwa mikate iliyoiva.

Foromani akahama nchi. Injinia Mkuu, mzungu, naye akauza shamba lake upande wa Kesses, na sisi wafanyakazi tukaungana kulinunua. Ugawaji ulikuwa wa kura: kila mwanachama atumbukize mkono wake mwenyewe kofiani, atoe karatasi ya kipande chake. Asiyekuwepo atapewa kitakachobaki, na kitakachobaki kila mtu alikijua: kinamasi kule chini. Mke wangu alikuwa ameshachagua kwa macho pa kujenga jikoni, huko juu karibu na barabara.

Asubuhi ya kura, lifti ya ngano ikakwama. Huo ni mkanda wenye vikombe vya chuma unaopandisha nafaka ghorofani. Nilitoa fyuzi, nikatia mfukoni, na Barasa, makanika wetu ambaye hakuwa mwanachama, akashuka shimoni kuufungua. Mkanda ukateleza, ukambana mguu ukutani.

"Fundi!" akalia. "Huku kuna panya kama mbwa wa mzungu, na chakula ni mimi!"

Meneja wetu mpya, Mwafrika mwenzetu, akafika amevaa tai ya kwendea kura. Naye alikuwa mwanachama.

"Leta fyuzi. Tukiiwasha mota kidogo tu, mkanda utalegea, twende zetu."

"Ikivuta vibaya, Bwana Meneja, itapanda na mguu."

"Wewe unataka shamba ama hutaki?"

Kule chini Barasa akaanza kuomba kwa sauti. Mtu huyo hakuwahi kuomba, hata kanisani.

"Nataka," nikasema. "Lakini fyuzi sitoi."

"Basi lima hizo fyuzi," akasema, akaenda.

Niliukata mkanda kwa msumeno wa chuma, mkanda mgumu kuliko ngozi ya kifaru. Barasa alipotoka, kofia ilikuwa tupu. Mkono wa Meneja ulikuwa umeokota kipande cha barabarani. Kesho yake alinisimamisha mbele ya wote.

"Mkanda umetoka ng'ambo kwa meli," akasema. "Miguu inazaliwa hapa kila siku."

Wenzangu walicheka. Wengine walikuwa na matope ya mashamba yao mapya viatuni.

Nilizeeka nikipima mota. Siku ya kustaafu, Meneja yuleyule alinipa saa ya ukutani, akahutubu kwamba chini yake hakuna aliyepoteza hata ukucha. Nilipiga makofi. Ningefanya nini?

Sasa nalima nduma kinamasini, na vyura wangu wanashinda kwaya kumi. Nguzo za stima zilifuata barabara, zikaingia kwa Meneja. Mimi niliyewasha nusu ya Eldoret natumia koroboi ya mafuta ya taa.

Barasa huja kunitembelea kutoka mtaa wa Huruma mjini, sukari mkononi. "Mzee, mguu wako umefika!" hutania akiwa mlangoni, nami hucheka kumshinda. Lakini mvua ikinyesha na maji yakipita chini ya kitanda, mimi huutazama mguu ule anaouanika motoni, nikaanza kuupima kwa ekari.

Mke wangu humwamkia vizuri. Ila tangu siku ile ya kura hajawahi kumpikia chai. Napika mimi.