Aliyeketi Juu ya Shimo

Wamechapisha majina ya waliokuwa kwenye boma la Eureka, pale wachimba dhahabu walipopigana na askari wa serikali, maana miaka hamsini imetimia na wanataka kuchonga jiwe la kumbukumbu. Nimeyasoma mara tatu, miwani puani. Mama yangu, Bedelia Geraghty, hayumo. Cornelius Tuohy yumo, tena wa pili kutoka juu!

Basi nitasema.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa amefungwa mnyororo kwenye gogo pale kambi ya polisi, na kosa lake ni kwamba kibali chake cha kuchimba kilikuwa hemani, ndani ya kopo. Kingekuwa wapi? Shimo letu lilikuwa na maji mpaka kiunoni, na karatasi si chura. Polisi walilijua hilo, ndiyo maana waliwavizia watu midomoni mwa mashimo. Serikali gani humtoza mtu kwa kutafuta dhahabu, apate asipate, kisha humwinda kama kangaruu?

Jumapili ile alfajiri, askari walipolivamia boma, wengi wa watu wetu walikuwa wamerudi kulala mahemani mwao, wakingoja misa. Milio ya bunduki haikudumu hata muda wa kuchemsha chai. Mara Con Tuohy akaja akitambaa mpaka kwetu, paja limechomwa singe, analia kwa sauti. Mama akamsokomeza soksi ya baba mdomoni, akamtia kwenye ndoo ya ngozi, akamteremsha shimoni kwa roda yenye mpini, akiuzungusha peke yake. Kazi ile hufanywa na wanaume wawili. Niliona ngozi ya viganja vyake ikibaki kwenye mpini. Kisha akalaza ubao juu ya shimo, akauketia, akaanza kumenya viazi.

Askari wakafika.

"We mama, mumeo yuko wapi?"

"Mnaye nyinyi. Mkimchoka mrudisheni, kuni zimeniishia."

"Na humo shimoni kuna nani?"

"Maji. Shuka uoge, unanuka. Ila kamba imeoza, na wewe naona umeshiba vizuri."

Wenzake wakacheka. Yule askari akalipiga teke beseni la viazi, wakaenda kuchoma hema la jirani. Mama hakuinuka pale mpaka jua lilipozama.

Con leo ana hoteli. Mama alikufa bila kusikia ahsante yake.

Jumanne nikaenda kwenye kikao cha kamati ya hilo jiwe. Con akasimama na fimbo yake.

"Dada Honora, akina mama tunawaheshimu sana. Lakini boma lilikuwa la wanaume."

"Con Tuohy, ulishukaje shimoni na mguu mmoja mzima?"

"Kwa kamba."

"Kamba haina mikono, Con."

Akaivua kofia yake.

"Nilikuwa nalia," akasema. "Alinifunga mdomo kwa soksi, kama mtoto. Miaka hamsini nimeogopa mtanicheka." Hakuna aliyecheka. "Mwandikeni."

Karani akachovya kalamu, akaandika: *Mke wa Malachy Geraghty*.

Nikamwambia afute. Malachy alikuwa mnyororoni siku ile, Mungu amrehemu, hakuzungusha kitu. Nikamsomea jina la mama herufi kwa herufi, nikamsimamia mpaka wino ukakauka.