Hodi ya Majaribio

"Machozi ya watu hayajakauka, ninyi mmeshamvua jina," Mama Stoo alisema, "na mnataka nilivae mimi, kama koti la mtumba."

Fundi wa kompyuta alikuwa ameinama juu ya meza, mkono mmoja kwenye kipanya, mwingine umeshika nyaya. Alikuwa mtu mzima mwenye familia yake, hana njaa ya ugomvi. Akamweleza kwa mara ya pili kwamba hakuna anayemvua marehemu kitu. Meneja ameagiza akaunti ya barua pepe ya marehemu, yule mwenzake wa mauzo, iingizwe kwenye kompyuta ya stoo, kwa sababu anwani ile ndiyo wateja wote wanayoijua, na tangu msiba oda zinajazana humo hakuna wa kuzijibu. Programu ya barua pepe inauliza mambo matatu tu: jina, anwani na neno la siri. Anwani na neno la siri anavyo. Jina ndilo analolisubiri.

"Hapa unaandika jina lako, mama. Ndilo mteja atakaloliona barua ikimfikia, ajue anaongea na nani."

"Anaongea na mwenye anwani."

"Mwenye anwani hayupo, mama."

"Umefikiri sijui?"

Fundi akasogeza kipanya. Kisha akasema kuna jambo jingine dogo: Mama Stoo ana akaunti yake mwenyewe, ilifunguliwa zamani na haijawahi kuingizwa kwenye mashine yoyote. Aiweke na hiyo, wamalize? Akajibiwa hiyo aiache ilale, imeshazoea.

Mara meneja akaita kutoka ofisini kwake kuwa printa imetafuna karatasi tena. Fundi akanyanyuka, akamwachia maagizo: aandike jina lake, abonyeze pale palipoandikwa endelea, yeye anarudi sasa hivi.

Mama Stoo akabaki na kile kimstari kinachowaka na kuzima. Akanyoosha kidole kimoja, kile kile alichokuwa akikitumia kubonyeza sponji ya godoro kujua kama imeiva, akaandika jina la marehemu, yote matatu, la kwake, la baba na la babu. Akabonyeza endelea. Mashine haikuuliza swali. Mashine haijui nani amezikwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu mwenye akili zake afanye hivyo, lazima uione ile bohari ya magodoro ilivyokuwa. Ilikuwa na vyumba viwili tu vyenye maana. Chumba cha mbele, chenye meza, feni na kompyuta, kilikuwa cha mwanamke wa mauzo. Chumba cha nyuma, kikubwa kama hangari, magodoro yamepangwa mpaka darini na harufu ya sponji mpya inakupa kizunguzungu, kilikuwa cha Mama Stoo. Kati yao palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta kidirisha kisicho na kioo. Maisha ya wanawake wale wawili yalipita kwenye kidirisha kile.

Mama Stoo aliingia pale akiwa mshonaji wa foronya za magodoro, msichana mwembamba wa kupeperushwa na upepo. Akashona mpaka mgongo ukakataa, wakamhamishia stoo. Mumewe aliondoka akiwa na afya njema, na mpaka leo ana afya njema, ila kwa mwanamke mwingine. Binti yao aliolewa mbali. Nyumbani Mama Stoo alikuwa na chumba kimoja, jiko, na redio iliyoongea peke yake. Ukihesabu maneno aliyosema kwa mtu mwingine kwa siku nzima, karibu yote aliyasemea kidirishani.

Mwanamke wa mauzo yeye alikuwa mcheshi. Kila barua pepe ilipoingia na kompyuta kulia tingi, hakusema imeili imekuja. Alisema "hodi" kwa sauti, kama mgeni aliye mlangoni. Mama Stoo alijibu "karibu" kutoka kule nyuma, hata akiwa juu ya ngazi. Ndipo mwenzake aliposoma: hoteli fulani inataka magodoro mapana, zahanati inataka yenye kufutika kwa maji. Kama aliyeandika ni msumbufu, alimsoma kwa sauti ya puani. Mama Stoo alicheka mpaka akashuka ngazi.

Miaka ikaenda hivyo. Kompyuta ya stoo ilipoletwa, Mama Stoo aliifunika kwa kitambaa na kuweka chungu cha maua juu yake. Mwenzake akamfungulia akaunti kwa fundi aliyekuwepo kabla ya huyu, akamtumia barua ya majaribio, akamwambia aifungue na kujibu. Mama Stoo akasema macho yake mabovu. Macho hayakuwa na kasoro, uzi aliupitisha kwenye sindano bila miwani. Aliona tu kwamba siku atakayojua kujisomea, kidirisha kitabaki cha kupitishia hewa.

Basi ile barua ikawa mzaha wao.

"Nakudai jibu langu," mwenzake alikuwa akisema, hasa siku za mvua, wateja wakiwa wachache.

"Nitakulipa nikistaafu."

"Ukistaafu utanikimbia. Wadeni wote mko hivyo."

Hakustaafu yeyote. Ijumaa moja mwanamke wa mauzo alilalamika kichwa kinamuuma, akafunga mkoba mapema. Kulikuwa na barua ya shule moja ya bweni kwenye skrini, akasema hiyo ataijibu Jumatatu. Jumatatu walioingia bohari ni meneja na dereva wa gari la mizigo, wakiwa wamevaa nyuso zile ambazo ukiziona tu unatafuta pa kukaa. Mama Stoo akakaa juu ya godoro la mteja, likiwa bado na nailoni yake. Alikaa hapo mpaka wakamwinua.

Sasa kazi ile ya kusoma barua ikawa yake. Aliijua haraka kuliko alivyotarajia, na hilo lilimuudhi, maana kumbe haikuwa na ugumu wowote. Tingi ililia, hakuna aliyesema hodi. Alijibu kwa kifupi, godoro lipo, godoro halipo, njooni kesho. Kila jibu lilitoka na jina la mwenzake juu yake. Jioni, kabla ya kuzima, alifungua sehemu ya barua zilizotumwa na kuitazama ile orodha, jina lile lile likishuka mstari kwa mstari, kana kwamba mwenye nalo alikuwa kazini siku nzima, ametoka tu kuchota maji ya kunywa. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake. Alikuwa amejiapia kwamba yeyote atakayelitoa jina lile pale, mkono hautakuwa wa kwake.

Mwenye nyumba moja ya wageni akaandika: "Karibu tena kazini, likizo yako ilikuwa ndefu." Mama Stoo akacheka peke yake. Kisha akaingia katikati ya magodoro, mahali ambapo sauti haitoki, akakaa huko mpaka uso ulipofaa kuonwa na watu.

Ile barua ya shule ya bweni, ya Ijumaa ile, aliichelewesha kuliko zote. Hakuweza kuigusa. Siku alipoigusa aliandika magodoro yenu yako tayari, njooni mchukue, akatuma. Wala hakuangalia barua ilikuwa imetoka kwa nani pale shuleni.

Siku mbili baadaye alikuwa juu ya ngazi akihesabu foronya.

"Hodi," sauti ikasema kidirishani.

"Karibu," alijibu, kwa haraka ile ile ya miaka yote, na mwili wake ulikuwa umeshafika ngazi ya chini kabla akili haijamkumbusha.

Kidirishani palikuwa na mwanamke mwenye paji la uso la marehemu na sauti ya marehemu, isipokuwa alikuwa mdogo kwa umri na amekonda. Alikuwa mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, karani wa ile shule ya bweni, na ile barua ya Ijumaa ilikuwa yake. Walionana msibani, lakini msibani watu hawaonani.

Wakasalimiana vizuri, wakaulizana hali. Kisha yule mdogo akatoa simu, akaiweka kwenye kizingiti cha kidirisha.

"Dada, nani anaandika kwa jina la dada yangu?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ofisi zote duniani zina jibu hilo: ni mtambo. "Hizi mashine, mdogo wangu..." Mama Stoo akaanza, akaona lile paji la uso, akauacha uongo.

"Ni mimi."

Yule mdogo akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakupandisha sauti. Alisema simu ililia akiwa kwa mama yao, anamkata kucha. Tangu msiba, akili ya mama inakwenda na kurudi. Kusoma alishaacha, lakini jina alilompa mwanawe mwenyewe analijua hata likiwa dogo kama mchwa. Akaliona kwenye simu.

"Akaniambia, mjibu, muulize kama amekula."

Mama Stoo akashika kizingiti.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia amekula."

Dereva alikuwa akipiga honi huko nje, geti lifunguliwe. Hakuna kati yao aliyegeuka.

"Sikuja kugombana nawe, dada. Nyumbani jina lako tulilijua kabla ya sura yako, kila jioni Mama Stoo kasema hivi, Mama Stoo kafanya vile. Lakini mwache apumzike. Na mimi niache nianze kuamini. Kwa sababu nilipoiona ile barua, mimi mwenyewe nilifurahi kwanza."

Mama Stoo alitaka kusema nisamehe, likatoka neno jingine, akauliza magodoro yanabebwa na gari gani. Wakaenda kuyapakia. Aliyafunga kwa kamba mwenyewe, mafundo mawili mawili, akakagua kila nailoni kama imechanika, akamkatalia dereva asisaidie. Walipoagana yule mdogo alimshika mkono kwa muda mrefu. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe.

Gari lilipotoka, Mama Stoo hakurudi stoo. Alikwenda mpaka chumba cha fundi, akamkuta anakunywa chai.

"Njoo na maarifa yako," alimwambia. "Nataka kubadilisha jina."

Fundi alikuwa ameshajua kwa wiki kadhaa jina lililokuwepo. Alikuwa amelinyamazia, na hata leo hakuonyesha kwamba anajua. Wakarudi kwenye kompyuta ya stoo, akafungua mipangilio ya akaunti, mahali pa jina pakatokea. Akataka kulifuta lote kwa pigo moja, Mama Stoo akamzuia mkono. Akakaa yeye. Akafuta herufi moja moja, kutoka mwisho kurudi mwanzo, jina la babu, la baba, na hatimaye la mwenyewe, kama mshonaji anayefumua mshono asichane kitambaa. Pakabaki peupe.

Fundi akasubiri. Mama Stoo ilibidi alifikirie jina lake. Lilikuwa limekaa muda mrefu bila kuitwa. Akaliandika, akalisoma, likamtazama kama ndugu wa mbali.

"Na ile nyingine," akasema. "Yangu. Iliyolala."

Neno la siri halikuwa na anayelikumbuka, fundi akaweka jipya. Jina, anwani, neno la siri, endelea. Kwa muda skrini haikuonyesha kitu, kisha barua zikaanza kumwagika. Miaka yote ya ofisi iliyompita: mkutano wa wafanyakazi wote, maji yatakatika kesho, hafla ya kumuaga mtu aliyeshasahaulika, heri ya mwaka mpya kutoka kwa meneja aliyefukuzwa mwaka huo huo. Fundi akasema ni takataka, azifute zote kwa pamoja?

"Usiguse."

Alishuka nazo taratibu mpaka chini kabisa. Ya kwanza kupokelewa ilikuwa mwisho wa orodha, na jina la mtumaji lilikuwa lile alilotoka kulifumua sasa hivi. Hakukuwa na siri yoyote ndani, alijua. Kilichoandikwa alikuwa ameshaambiwa mara mia kidirishani.

"Hodi. Haya ni majaribio tu. Ukiiona nijibu, nakudai."

Mama Stoo akavuta kiti karibu. Akaandika kwa kidole kile kile, polepole, fundi akiwa ameinamia nyaya zake kwa bidii ambayo nyaya hazikuihitaji.

"Karibu, mwenzangu. Samahani nimechelewa, nilikuwa stoo."

Akatuma. Kompyuta ikanyamaza kidogo, halafu ikalia tingi, hapo hapo juu ya meza. Kwenye akaunti ile ya juu, ya marehemu, mstari mpya ukatokea, mweusi na mnene, kama zinavyokuwa barua ambazo hazijasomwa.

Fundi akainua kichwa. "Imeingia moja, mama. Nikusomee?"

"Iache," Mama Stoo alisema, akijifuta uso kwa kiganja. "Si yangu hiyo. Imemfikia mwenyewe."