Maji ya Kijani Ndani ya Honi

Siku ile ya Kibugu ilinigharimu shati moja jeupe na jogoo wawili (nimehesabu mara mbili, ni wawili), karibu inigharimu na Wanja, msichana ninayetaka kumwoa, pia, na aibu yake bado naila.

Baba yake Wanja, Mzee Njiru, ni mzee wa kanisa, na alishasema binti yake haolewi na mtafuna miraa. Mimi hununua majani hayo Laare na kuyauza, kwa hivyo nikaapa kwamba nauza tu, sili, na ili aamini nikajiunga na bendi ya kanisa huku Kaaga, ambako Mwalimu Kendi alinipa honi ya Kifaransa, ile tarumbeta iliyojikunja kama konokono, unaipuliza huku mkono wa kulia umezama kwenye mdomo wake mpana kama mtu anayezalisha ng'ombe.

"Mwiti, punguza hilo shavu," aliniambia kila somo. "Sauti ni midomo kutetemeka, si shavu kuvimba."

Ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, na bonge langu la miraa limetulia palepale (upande wa kushoto, mbali na yeye).

Basi bendi ikaalikwa Kibugu, kanisani kwao Wanja, Mzee Njiru mstari wa mbele, mimi nina sehemu ya kupuliza peke yangu, nikasema wacha nitafune kidogo nipate ujasiri, mdomo ukakauka, midomo ikakataa kutetemeka, nikabugia maji, nikapuliza kwa nguvu zote, bonge likalegea na maji yake yakateremka ndani ya honi, ikaanza kutokota kama sufuria ya githeri.

Mwalimu Kendi, kwa roho safi, akadhani ni mate ya kawaida, akachomoa kibomba, akaipindua honi ili imwagike vile hutufundisha, na ikamwaga kijani, kwanza kwa shati langu, halafu kwa kiatu cha mzee.

Mzee akakitazama. "Kijana, hii ni chai ya shamba gani?"

Wanja, kando ya baba yake, akaangalia dari.

Nilipopeleka jogoo kuomba msamaha, mzee aliwapokea, akasema posa yangu ataijibu siku honi itakapotoa maji safi. Tangu hapo nimeacha kutafuna, kabisa, na kila mwezi napeleka honi Kibugu, napuliza nyimbo tatu uani, mzee anakinga maji kwa glasi, anaiinua juani, anatikisa kichwa. Mwalimu Kendi amemweleza kwa simu kwamba shaba yenyewe huota kijani ndani. Mzee akamuuliza, "Kwani shaba nayo hutafuna?"

Ziara ya tano ni Jumamosi, na Wanja ameanza kuniuliza kama namposa yeye au glasi. Mwenye anajua dawa ya kusugua shaba kwa ndani, tafadhali aniambie kabla ya Ijumaa.